Sentensi Arobaini za Kwenda Uhispania

Juzi tulimzika Mwalimu Barasa. Katika wasifu wake, uliosomwa na mpwa wake kwa kipaza sauti kilichopiga mluzi kila baada ya neno la pili, tuliambiwa kwamba marehemu ndiye mtu wa kwanza kuleta lugha ya Kihispania Malaba. Waombolezaji waliguna kwa heshima. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma kabisa ya hema, miguu ya kiti changu cha plastiki ikizama kwenye udongo wa mvua, na ilinibidi nijifunike mdomo kwa leso ili nionekane ninalia. Kuleta lugha! Mtu yule hakuwahi kuleta lugha yoyote mahali popote. Alileta fotokopi.

Wenzangu mliokulia Malaba kabla forodha za nchi mbili hazijawekwa chini ya paa moja mtakumbuka foleni ya malori. Ilianzia langoni ikarudi nyuma mpaka jicho likachoka kuifuata, na madereva walilala humo siku tatu au nne wakingoja mhuri. Mama yangu aliishi kwa foleni hiyo. Alikuwa na jiko la mkaa, karai na meza moja ya mbao, akipika chapati kando ya lami, na harufu ya mafuta yake ilichanganyika na ya dizeli hata ikafika mahali nikiwa darasani, nikinusa moshi wa lori, nasikia njaa. Watu walimwita Mama Chapo. Mimi nilimwita Toto, kama sisi Wateso tunavyowaita mama zetu.

Toto aliacha shule Kocholia akiwa darasa la pili. Alitambua herufi, lakini zikikaa pamoja zilimshinda. Hata hivyo alizungumza Kiteso, Kiswahili, Kisamia, Kijaluo, Kiganda, na Kinyarwanda cha kutosha kumchekesha dereva wa Kigali na kisha kumfokea. Hakuzisoma lugha hizo. Alizipata kwa njia ya wachuuzi wa mpakani: mgeni akifika mezani, unainua kitu mkononi, unakitaja kwa lugha yako, halafu unanyamaza ukimtazama. Naye atakitaja kwa yake. Neno lako kwa neno lake, na hakuna anayeondoka amepunjwa. Toto alihitaji kulisikia neno mara moja tu. Baada ya hapo lilikuwa lake.

Aliwalisha watu waliokuwa wakienda Kigali, Juba na Goma, akawaona wakirudi na kofia za huko. Yeye mwenyewe ulimwengu wake ulikomea Bumala upande huu na Tororo upande ule. Nalisema hili mapema ili ijulikane alichokuwa anakitafuta katika mambo yaliyofuata. Hakuwa anatafuta mali. Alitaka kwenda mahali, kama wateja wake, halafu arudi akiwa amepaona.

Nafasi ilikuja kwa njia ya kanisa. Parokia yetu ilikuwa na urafiki na parokia moja ya Uhispania, na siku moja ikaja barua: wamama wanne wa chama chetu cha kanisa wamealikwa kukaa huko mwezi mzima, gharama zote juu ya wenyeji. Chama kikapendekeza sita, Toto akiwa mmoja wao. Padri, mtu mpole aliyeogopa ugomvi wa wanawake kuliko alivyoogopa dhambi, hakuthubutu kuwatoa wawili kwa mkono wake. Akatangaza kwamba mtihani ndio utakaoamua. Watakaojua kuomba maji na kuuliza njia kwa Kihispania ndio watakaopanda ndege. Kisha akatafutwa mwalimu, na kutoka Busia akaja Barasa.

Nimejaribu kwa haki kumkumbuka mtu huyu na jema lake moja, na nimepata kwamba viatu vyake viling'aa. Alikuwa mwalimu wa kwaya. Kihispania alikipata katika kijitabu cha wasafiri alichoachiwa na mgeni fulani aliyepitia Alupe, na humo alichagua sentensi arobaini, akazipa namba kuanzia moja, akazitoa fotokopi. Karatasi zile zilikuwa za kijivu, na zilinuka wino ulioungua. Kwa kuwa maisha yake yote aliwaongoza watu kwa namba za nyimbo, aliamini kwamba lugha nayo hupangwa vivyo hivyo. Akija Jumatano na Jumamosi alasiri, alisimama mbele ya ukumbi wa parokia, akanyoosha vidole viwili kama mtu anayezuia pikipiki, akaita.

"Namba moja!"

"Buenos días!" wakaitikia wamama sita.

"Namba nane!"

"Dónde está el baño!" Walipaza sauti kwa furaha ya watu wanaotangaza ufufuko, ingawa maana yake ilikuwa choo kiko wapi.

"Tena, na tabasamu! Wazungu wanapenda tabasamu. Namba nane!"

Sisi watoto tulitazama kupitia madirishani, videvu juu ya zege, na baada ya wiki mbili mji mzima wa watoto ulijua namba nane. Tuliwapigia kelele madereva wa matangi, nao wakadhani tunawatukana, wakatukimbiza.

Toto ndiye pekee aliyeuliza swali. Nilikuwepo. Aliinua mkono, bado una unga kwenye kucha, akasema, "Mwalimu, nikishauliza choo iko wapi, huyo mtu atanijibu nini?"

"Atakuambia iko wapi."

"Sawa. Lakini kwa Kispanish?"

"Mama, ulitaka akujibu kwa Kiteso?"

Wamama walicheka. Toto alingoja wamalize. "Ndiyo nauliza sasa. Nitajua kuuliza, na sitajua nimejibiwa nini. Si nitabaki tu nimesimama hapo nimejibana?"

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, na safari hii hakikuwa cha kumcheka yeye. Barasa alikiona. Watu wa aina yake hukosa mambo mengi katika maisha lakini hawakosi kuona kicheko kimegeukia wapi.

"Majibu hayako kwenye mtihani," alisema. "Kwenye mtihani kuna namba. Na nyinyi wa sokoni mna shida moja, mmezoea kuokota maneno barabarani kama maembe. Hiyo si lugha. Hiyo ni kelele ya kuuza vitu. Namba tisa!"

Toto akasema namba tisa pamoja na wenzake. Usiku ule akikanda unga alikuwa akijisemea namba zote tisa kwa mpango, na kila moja aliiambatanisha na mtu. Namba moja alimsalimu dereva wa asubuhi. Namba tano alimuuliza jina mzungu wa kufikirika. Namba nane aliicheza kabisa, amebana magoti, mpaka nikaanguka kwa kucheka. Nilikuwa darasa la nne, na nilimwona mama yangu ni mtu wa ajabu. Lakini kufikia mwisho wa mwezi nilikuwa nimeanza kuogopa.

Hofu yangu ilikuwa na kanuni, na kanuni hiyo niliitunga mwenyewe kwa kutazama daraja. Kila mtu aliyevuka kwenda Uganda na kiroba au beseni alirudi jioni. Waliovuka na sanduku hawakurudi. Baba yangu, aliyekuwa taniboi wa lori, yaani msaidizi wa dereva, alivuka na sanduku la mbao lililopakwa rangi ya samawati, akasema wiki mbili. Nilikuwa na miaka mitano. Sikuwa na habari kwamba kuna sababu nyingine za mtu kutorudi nyumbani, kwamba kuna wanawake na madeni na aibu. Niliamini ni sanduku. Na Uhispania, kwa akili yangu, ilikuwa ng'ambo ile ile, mbele kidogo ya Uganda, kwa sababu kila kilichokuwa mbali Malaba kilienda kwa kupitia daraja lile.

Basi Jumamosi moja Toto alirudi kutoka mitumba ya Busia akivuta sanduku.

Lilikuwa jeusi, la magurudumu, moja limevunjika, kwa hiyo lilikuja likichechemea na kukwaruza lami, na niliisikia sauti hiyo kabla sijamwona. Aliliweka chini ya kitanda. Akaniambia nitakaa kwa bibi kule Kocholia mwezi mmoja tu. Mwezi mmoja! Baba alisema wiki mbili.

Wiki iliyofuata mvua ilikata barabara mahali fulani upande wa pili, malori yakakwama, na foleni ikawa ndefu kuliko nilivyowahi kuiona. Toto hakuweza kuiacha meza. Alikosa masomo manne mfululizo, na masomo hayo ndiyo yaliyokuwa na namba ishirini na moja hadi arobaini. Jirani yetu wa chamani alimletea karatasi. Toto alinipa mimi.

"Wewe ndiye macho yangu," alisema. "Nisomee namba, nisomee maneno, niambie maana. Mara moja moja tu, usirudie sana, utanichanganya."

Kila sentensi kwenye karatasi ilikuwa na maana yake kwa Kiswahili pembeni. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, yeye akisukuma chapati, nikaanza kusoma. Nilichokifanya nakumbuka kwa mpangilio kamili, kwa sababu nilikipanga. Namba nilizihesabu kwenda mbele, lakini sentensi nilizisoma kutoka chini ya karatasi kwenda juu. Namba ishirini na moja ilikuwa Tengo hambre, nina njaa. Mimi nikampa ya arobaini, Adiós, kwaheri. Thelathini na moja ilikuwa Estoy perdida, nimepotea. Nikampa ya thelathini, naomba bili. Hivyo hivyo hadi mwisho. Maana ya kila sentensi sikuigusa. Niligeuza namba peke yake, kwa kuwa nilikuwa nimemsikia Barasa mwenyewe akisema kwamba kwenye mtihani kuna namba.

Toto hakunikatiza hata mara moja. Alisikiliza amenipa mgongo, mikono ikizungusha chapati, na kila nilipomaliza moja alisema tu, "Haya." Zote ishirini zilimwingia kwa jioni mbili.

Siku ya mtihani ukumbi ulijaa. Walikuja hata watu wa madhehebu mengine. Padri alifungua kwa sala akaondoka kwenda kwa mgonjwa, jambo lililomfaa sana. Barasa alikuwa amevaa tai. Mezani aliweka kengele ya altare, na ilionekana alikuwa amesubiri maisha yake yote kupata ruhusa ya kuipiga.

Wale wamama sita walikaa benchi la mbele. Waliitwa mmoja mmoja kwa kufuata orodha, na Toto alikuwa wa sita. Kila mmoja aliulizwa namba tano, akikosa kengele inalia. Barasa, kwa uvivu wake, hakujisumbua hata kubuni namba mpya. Nne, ishirini na moja, kumi na moja, thelathini na moja, arobaini: aliwazungusha wote humohumo, akibadilisha tu ipi inatangulia. Watatu wa kwanza walipata zote. Wa nne alikosa moja. Wa tano, mjane mmoja mnene aliyeuza samaki wakavu, alikosa mbili, kengele ikalia mara mbili, na watu wakamhurumia.

Toto alisimama. Alikuwa amevaa gomesi yake ya Pasaka, mabega yamechongoka.

"Namba nne!"

"Muchas gracias," akasema, asante sana.

"Kumi na moja!"

"No entiendo," akasema Toto, yaani sielewi, tena kwa sauti ya mtu ambaye kweli haelewi, na ukumbi ukampigia makofi.

"Namba ishirini na moja!"

Toto alinyoosha mkunjo wa gomesi yake. "Adiós," akasema.

Kengele. Barasa aligeukia watu, mikono wazi. "Wapendwa, mama ameulizwa habari ya njaa, yeye anatuaga! Unaenda wapi, mama? Bado hujafika! Thelathini na moja!"

"La cuenta, por favor."

Kengele. "Amepotea Ulaya, yuko katikati ya barabara, na anaomba aletewe bili!" Sasa watu walikuwa wakishikana mabega kwa kicheko. "Ya mwisho. Namba arobaini. Hii hata mtoto wa chekechea anaijua. Arobaini!"

"Tengo hambre," alisema Toto.

"Ameshamaliza safari, bado ana njaa!" Barasa alipiga kengele mara nne au tano mfululizo. "Dada, rudi kwa karai yako. Ulaya hawaingii na chapati."

Toto aliketi. Hakutazama dirishani nilipokuwa. Mwenzangu aliyesimama karibu nami, mtoto wa mmoja wa washindi, alinisukuma kwa kiwiko akasema, "Mamako ni fala." Nilikuwa nimeshinda, na ushindi ule ulinuka vibaya, lakini ulikuwa wangu na nilikwenda nao nyumbani. Usiku nilipiga magoti nikachungulia chini ya kitanda. Toto alikuwa ameshajaza maharagwe kwenye sanduku.

Ingekuwa imeishia hapo, labda ningesahau. Lakini wiki chache baadaye mama mmoja kutoka ile parokia ya Uhispania alikuwa akizuru Uganda, akaona avuke awasalimie wageni wake wa baadaye. Hakujua Kiswahili, na Kiingereza chake kilikuwa kidogo. Barasa alitumiwa ujumbe, akaja mbio. Wale wanne waliofaulu walipangwa mstari mbele ya ukumbi, wamevaa vitenge vya kufanana, vyeti vyao vya Barasa mkononi, vina mhuri wa nyota ambao sijui aliutoa wapi. Toto alikodiwa kuleta chai na chapati.

Mgeni aliingia akitabasamu, akasema, "Buenas tardes!"

Wamama wanne wakamtazama Barasa.

Mgeni akarudia. Macho manane yamemkazia mwalimu, yanangoja. Barasa akakohoa, na nyuma ya ngumi yake akanong'ona, "Mbili!"

"Buenas tardes!" wakalipuka wote kwa pamoja, mgeni akaruka nusu hatua nyuma.

Alicheka, akawauliza kitu kirefu. "Tatu," akanong'ona Barasa, na wakasema namba tatu. Akauliza kingine. Barasa sasa alikuwa anatoka jasho, kwa kuwa mgeni hakuwa akifuata orodha. "Sita. Hapana, tano! Tano!" Wawili wakasema sita, wawili wakasema tano. Mgeni akamsogelea mmoja wao, akamshika mkono kwa upole, akaonyesha watoto waliojaa dirishani, akauliza jambo ambalo hata kuku angelielewa: una watoto wangapi? Yule mama, kwa hofu tupu, akamjibu kwa ile sentensi aliyoijua kuliko zote. Akamuuliza choo kiko wapi. Yaani mwenyeji, kwenye parokia aliyobatiziwa, alimuuliza mgeni wa dakika tano njia ya kwenda chooni kwao.

Nilicheka siku ile hadi machozi. Bado nacheka. Ukimfundisha mtu kusema pale tu namba inapoitwa, umemfunga mdomo aliokuja nao.

Ndipo Toto akaja na sinia. Mgeni alichukua chapati, akauma, akafumba macho. Toto akainua kipande kingine, akasema, "Chapati." Akanyamaza akimtazama.

"Chapati," akasema mgeni.

Toto akainua kikombe. "Kikombe."

Mgeni alielewa mara moja. "Taza!"

"Taza," akasema Toto. Akaonyesha sukari, wakabadilishana. Maziwa, wakabadilishana. Kijiko, meza, moto, mvua iliyokuwa imeanza kugonga mabati. Kisha Toto akaonyesha kichwa changu dirishani, akaweka mkono kifuani mwake, akainua kidole kimoja. Mgeni naye akainua vitatu, kisha akakunja kimoja taratibu na kutazama chini. Toto akaacha sinia, akamshika bega. Hakuna aliyehitaji kusema namba yoyote.

Mgeni alimgeukia Padri, aliyekuwa amesimama pembeni, akauliza kwa Kiingereza chake cha kuchechemea kama huyu naye anakuja. Padri akamtazama Barasa.

"Huyo ni mpishi tu, Padri," Barasa alisema. "Alifeli vibaya sana. Watu wote ni mashahidi."

"Majina yalishapelekwa," Padri alimwambia mgeni. Alikuwa akitazama viatu vyake. "Pole. Yalishapelekwa."

Toto alijua Kiingereza cha kutosha kuelewa hilo. Akakusanya vikombe. Mimi pale dirishani nilikuwa na sentensi moja ya kusema, kwa Kiswahili chepesi, na ingeweza kusemwa mbele ya Padri, ya mwalimu na ya mgeni. Mimi ndiye niliyezigeuza namba. Nilishuka dirishani nikaenda kucheza.

Wale wanne walikwenda. Baada ya mwezi wakarudi wote, na masanduku yao, na kanuni yangu ya daraja ikafa siku hiyo mbele ya macho yangu, asubuhi ya jua kali, mbele ya basi. Walileta chokoleti iliyoyeyuka. Mmoja alimweleza Toto kwamba kule walikuwa na mkalimani muda wote, kasisi wa Kikongo aliyejua Kiswahili, na hawakuulizwa hata maji. "Sentensi zote arobaini, Mama Chapo, nimezirudisha hivi hivi kama nilivyoenda nazo." Toto alimpa chapati, akamwomba amwambie basi aliona nini. Yule mama akafikiri. Akasema kulikuwa na baridi.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo rohoni juzi tukirudi kutoka mazishini, mimi na Toto, kwa miguu kutoka stendi. Magoti yake siku hizi yanamsumbua, kwa hiyo tulikwenda polepole, na njia nzima nilimsema marehemu. Nilisema kuhusu mhuri wa nyota. Nilisema kuhusu kengele. Nikamwigiza akinong'ona "Sita, hapana, tano!" Nimekuwa nikimdharau mtu yule miaka yote hii kwa uaminifu ambao sijawahi kuupa kitu kingine, na nilikuwa bado na mengi.

Tulipofika Toto aliketi kwenye mkeka, akavuta ungo wa njugu akaanza kumenya. "Umemaliza?" akauliza.

"Alikuibia safari yako, Toto."

"Barasa? Barasa hakuwa na akili ya kuiba kitu." Alipuliza maganda. "Mtu amelala kaburini hata siku moja haijaisha, unamwekea makosa si yake."

Sikuwa nimepanga kulisema. Nilikuwa nimepanga kutolisema hadi mmoja wetu azikwe. Lakini nikasema, nimesimama mlangoni na viatu mkononi, kwamba zile namba ni mimi. Kwamba niliona sanduku, nikazisoma kutoka chini kwenda juu.

Toto hakuacha kumenya. "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Wee mtoto, kwani umesomea nini huko kote? Mimi niliitwa wa ngapi siku ile?"

"Wa sita."

"Haya. Watano walisimama mbele yangu. Ishirini na moja nimeisikia mara tano. Thelathini na moja mara tano. Arobaini mara tano, na huyo wa samaki alivyokosea, Barasa akamsahihisha kwa sauti kubwa. Mimi nikisikia neno mara moja, linaenda wapi?"

Nilikuwa nikiupanga upya ukumbi ule kichwani, benchi kwa benchi.

"Hujawahi kunisomea vibaya hata karatasi ya sabuni," alisema. "Halafu ukosee zote ishirini, na zote kwa mtindo mmoja? Huyo wa kwanza aliposema tu njaa, nikajua kuna kitu unaniambia na mdomo umekushinda. Nikakaa pale nikifikiria. Nilikuwa na muda wa watu watano wa kufikiria."

"Ungesema zile sahihi."

"Ningezisema, ningeenda."

Alinyanyua ungo, akaupepeta, maganda yakaruka nje ya mlango, na njugu zikarudi zote mahali pake.

"Na nilitaka kwenda," akasema. "Usije ukakaa mahali ukawaambia watu kwamba mama yako hakutaka. Nilitaka sana."